Herufi za Taarifa ya Saa Saba

Kwa miaka mingi mji mzima ulimwita Sauti, na hakuna aliyeona haja ya kumwita vingine. Yeye ndiye aliyesoma taarifa ya habari ya saa saba mchana redioni, na watu walirekebisha saa zao kwa salamu yake. Kinyozi alizima mashine Sauti akianza kusoma, mteja akakaa na nusu ya kichwa. Hata dukani, muuzaji alimtambua kabla ya kuinua macho, maana mtu huyu akiomba kiberiti aliomba kama anayetangaza bei mpya ya mafuta. Basi siku moja, mchana kweupe, akautangazia mji huo huo kwamba timu yao imefungwa mabao manane kwa bila.

Ilikuwa imefungwa matatu. Tatu bila ni jambo la kawaida kabisa kwa timu ile, lisingemnyima mtu usingizi. Lakini nane! Simu zilipigwa mpaka mtandao ukalemewa. Golikipa, ambaye alikuwa kwake amejilaza na goti lake bovu, aliamshwa na matusi ya shemeji yake mwenyewe. Sauti alirudishwa hewani mchana ule ule kuomba radhi, na alipokuwa anatembea kurudi nyumbani watoto wa mtaani walikuwa wameshambatiza upya.

"Shikamoo, Nane Bila!"

Walimwamkia kwa adabu zote, na hapo ndipo palipouma. Mtoto akikutukana unamfokea. Mtoto akikuamkia utamfanya nini? Sauti aliitikia marahaba na kuongeza mwendo.

Kosa lilikuwa la macho. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba sehemu ya katikati ya macho yake inachakaa taratibu, kwamba miwani itasaidia kidogo tu, na kwamba cha kuomba ni uchakavu wenyewe usiwe na haraka. Nyuso za watu waliokaa mbali zilikuwa zimeanza kuwa ukungu. Karatasi aliyoisogeza karibu aliiona, lakini tarakimu zilimchezea shere: tatu ikawa nane, tano ikawa sita, moja ikajificha kati ya herufi kama mdeni. Kazini alikuwa hajamwambia mtu. Aliyejua ni mkewe peke yake, na huyo hakuambiwa. Alijionea mwenyewe siku mumewe alipotia chumvi kwenye chai kutoka kwenye kopo lililoandikwa CHUMVI.

Mhariri Mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwagizia chai. Mkubwa wako akikuagizia chai na kufunga mlango, jua kibarua kimeota nyasi. Mama yule alikuwa ameanza kazi pale akiwa binti mdogo, na Sauti ndiye aliyemfundisha kukaa mbali kidogo na kipaza sauti asisikike akimeza mate. Kwa hiyo hakumzungusha.

"Kaka, ni macho?"

"Ni macho."

"Basi pumzika. Yule binti wa taarifa ya asubuhi atachukua saa saba. Tutakuaga vizuri, kwa heshima zako zote."

Sauti aliigeuza chai bila kuinywa. "Mtaniaga, sawa. Ila sauti yangu ya mwisho hewani ni ya kuomba radhi. Nipe taarifa moja tu, nzima, na michezo ndani yake. Niisome safi, kisha niondoke kwa miguu yangu. Nikifa wasinikumbuke kwa nane bila."

Mhariri Mkuu alifikiri sana. Kupenda alimpenda, lakini redio nayo aliipenda. "Ijumaa ya wiki ijayo," akasema mwishowe. "Moja. Na nakwambia mapema usije ukanilaumu: ukikwama, naweka muziki, na binti anakaa kwenye kiti chako hapo hapo."

"Nimekubali."

Alikubali kwa sauti ya kishujaa, halafu akaenda nyumbani akashika tama.

Mkewe alikuwa mfamasia. Alikuwa na duka la dawa kwenye njia panda, na mtaa wote ulimwita Mama Dawa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa mwendo wa taratibu, na mdomo wake hauna breki kwa mtu anayefanya uzembe. Alisoma lebo ya kila chupa akiitoa kwenye rafu, akaisoma tena kabla ya kumpa mteja, hata kama mteja mwenyewe amesimama pale anakohoa na kunung'unika. Hajawahi kumpa mtu dawa isiyo yake. Sauti alikuwa mtu wa kujisifu, tukubaliane, lakini akimsifu mkewe alisahau kujitaja.

Alimsimulia yote. Mama Dawa akanyoosha mkono. "Lete karatasi mnazosomea."

Akampa. Mkewe akaziweka mezani, akavaa miwani yake, akazikagua kama mtu aliyeletewa dawa na msambazaji asiyemwamini.

"Kwa nini hamkuzikuza?"

"Tulizikuza. Taarifa ikawa bunda la karatasi. Kila sentensi mbili nageuza, na kile kipaza sauti kinasikia karatasi kuliko kinavyonisikia mimi. Wasikilizaji walidhani nafungua maandazi."

"Na hata hivyo ulikosea?"

"Hata hivyo nilikosea."

"Basi tatizo si ukubwa peke yake. Ni umbo." Akaweka ncha ya kalamu kwenye tarakimu moja. "Iangalie tatu hii. Imejikunja mpaka inakaribia kufunga mdomo. Ukiwa na macho yako hayo, mdomo umeshafungwa, na hiyo ni nane. Mimi dukani, maboksi mawili yakifanana siyaweki rafu moja. Aliyechagua herufi hizi ameweka maboksi mawili yanayofanana rafu moja. Tutafute fonti yenye tatu isiyofunga mdomo."

Sauti aliposikia neno fonti alidhani ni dawa ya macho. Mkewe akamweleza kwamba kila sura ya herufi ndani ya kompyuta ina jina lake na faili lake, kwamba kompyuta inakuja na chache, na nyingine mtu anaziongeza mwenyewe. Alikuwa amejifunza hayo kwa shida, wakati anatafuta herufi nzuri za kuandikia maelekezo ya dawa kwa wateja wazee. Kumbe siku zote zile Sauti alizodhani mkewe anahesabu chupa, alikuwa anahangaikia macho ya watu.

Kompyuta yao ilikaa kwenye kona ya sebule, nyuma ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilinunuliwa wakati kitinda mimba wao anasoma chuo. Kitinda mimba akaoa akahama, kompyuta ikabaki. Mama Dawa aliifunua, akaketi, na Sauti akavuta kiti pembeni yake kama mtu aliyekwenda kutazama mechi.

Akaona maajabu, ya polepole. Mkewe alipata fonti moja kwenye mtandao, akaipakua, lakini hakuiweka kwenye mashine hapo hapo. Kwanza alifungua karatasi ndogo ya maelezo iliyokuja nayo, akaisoma yote, kuhakikisha mwenye fonti ameruhusu itumike bure. Kisha akalibofya faili lenyewe mara mbili ili aione sura yake bila kuiingiza: zikatokea herufi zote na tarakimu zote, kubwa kwa ndogo. Akazikodolea macho. Akatikisa kichwa, akalifuta faili. Akapata nyingine. Akasoma. Akatazama. Akafuta. Ya tatu ndipo akaamuru iwekwe, akaifunga programu ya kuandikia, akaifungua upya, na jina jipya likawa limekaa kwenye orodha.

"Mbona uliifunga?"

"Ikiwa wazi haioni wageni. Lazima itoke nje irudi."

"Sasa kwa mwendo huu si Ijumaa itatukuta bado tunasoma maelezo?"

"Nikitoa dawa haraka unanisifu?" akauliza, na Sauti akanyamaza.

Kunyamaza ni jambo moja, kutulia ni jingine. Siku iliyofuata Mama Dawa alipokwenda dukani, mumewe akaenda kwa mtengeneza kadi za harusi, mtu mwenye mkono mkunjufu na akili fupi, akamweleza shida yake. Yule akachomeka flashi, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akamkabidhi. "Chukua zote, mzee. Kuna fonti elfu kadhaa humo. Ukikosa humo, hazijatengenezwa."

Sauti akarudi nyumbani anapiga mluzi. Akafungua flashi, akachagua zote kwa mkupuo, akaamuru zote ziwekwe. Alitaka mkewe arudi akute kazi imekwisha.

Aliporudi alikuta mume ameketi mikono magotini, kama mtoto aliyevunja sahani. Programu ya kuandikia ilikuwa imeombwa kufunguka tangu chai ya saa kumi ikiwa ya moto, na sasa chai ilikuwa imepoa, imeshanywewa na kikombe kimeshaoshwa. Ilipofunguka mwishowe, orodha ya fonti iliteremka, ikateremka, na kila mstari ulichukua muda wake kujitokeza. Kulikuwa na herufi za mifupa, herufi za maua, herufi zinazovuja damu. Ile moja waliyoichagua jana kwa uangalifu ilikuwa imezama humo, haionekani.

Mama Dawa hakupiga kelele, na Sauti angeona nafuu kama angepiga. Alisimama nyuma ya kiti akaitazama skrini.

"Umemwaga duka zima ndani ya mgonjwa mmoja," akasema.

"Nilitaka kusaidia."

"Najua ulitaka. Sogea."

Sauti akasogea. Na hapo, kusema kweli, ndipo alipomwona mkewe upya. Yeye angefuta ovyo, na nusu saa baadaye kompyuta isingeweza hata kuandika jina lake. Mkewe alifungua folda ambamo fonti zote hukaa, akazipanga kwa tarehe, na mara msitu ule ukajigawa: huku zilizokuja na mashine, huku ile ya jana, na huku umati wote ulioingia mchana huu kwa mkupuo.

"Hizi za mashine yenyewe hatuzigusi," akasema, kidole kikiwa karibu na skrini. "Menyu zake zimeandikwa kwa hizo. Ukizitoa, utafungua mashine ukute vijisanduku vitupu. Watu wengi wanaingia hapo."

Akaukamata umati wa mchana, akauondoa. Akazima mashine, akaiwasha. Programu ikafunguka kabla Sauti hajamaliza kuomba dua. Kisha Mama Dawa akatengeneza folda mbili. Moja akaiita Rafu, nyingine Stoo. Fonti zote za flashi akazitupia Stoo, ambako zingekaa kama mafaili tu, bila kuwekwa, bila kuisumbua mashine. Rafuni akaweka nakala ya zile alizozikubali peke yake.

"Kinachotumika ndicho kikae rafuni," akasema. "Vingine vipo, tunajua vilipo, lakini havitusongi."

Sauti alikuwa amesoma habari za mawaziri, wanajeshi na wanasayansi, akazisoma zote kwa sauti ile ile. Sasa alitaka kusema kitu kuhusu huyu mwanamke. Akaishia kusema, "Nikuletee chai?"

"Lete. Na usiiguse kompyuta ukipita."

Tangu siku ile asubuhi zao zikawa za mazoezi. Mama Dawa alitunga habari za uongo zilizojaa tarakimu, akazichapa kwa fonti tofauti, akamkalisha mumewe mezani. Sauti akasoma kwa kishindo kama yuko studio, mkewe akifuata kwenye nakala yake na kuweka alama kila palipokosewa. Kulikuwa na habari ya mbuzi thelathini na wanane waliokamatwa wakisafiri bila tiketi. Kulikuwa na ya kijiko kirefu cha mita tano nukta sita. Kulikuwa na ya maji yatakayokatwa mtaa mzima kuanzia tarehe tatu hadi tarehe nane, na hiyo ilimleta jirani wa ukuta mmoja mbio, na ndoo mkononi.

"Ni kweli, mzee? Nimekusikia mwenyewe!"

"Ni mazoezi, jirani. Rudi ukaoge."

Jirani akaenda, lakini inasemekana alijaza ndoo zote hata hivyo.

Fonti moja Sauti aliipenda mno. Ilikuwa na mikia mirefu na mikunjo. "Hii ina heshima," akasema.

"Ina heshima ya kadi ya harusi. Ajali ya lori utaisomea mikunjo hii?"

Ikaondolewa rafuni. Nyingine ilikuwa nyembamba, mistari ikamkatikia. Nyingine ilikuwa nzuri kwa herufi lakini tano na sita zake zilikuwa mapacha. Mama Dawa hakuona uchungu kuzitoa. Kila iliyoshindwa alibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akaiondoa, akaendelea, wala hakusema walau ibaki kwa ajili ya kazi nyingine. Wiki ilikuwa inakatika na Sauti alikuwa anakata tamaa kimyakimya, lakini akimtazama mkewe anavyochuja bila kuchoka, aliona aibu kukata tamaa mbele yake.

Jumatano ikaja fonti isiyo na mvuto wowote. Hakuna mtu ambaye angeitia kwenye kadi. Tatu yake ilikuwa na kichwa bapa na mdomo wazi kabisa. Nane ilikuwa nene, imefunga. Sufuri ilikatwa mstari katikati, na moja ilisimama juu ya kikanyagio. Sauti akasoma mbuzi, akasoma kijiko, akasoma maji. Mkewe hakuweka alama.

"Tena," akasema, akampa karatasi nyingine, habari zimepangwa kinyume na tarakimu zimebadilishwa asije akawa amezikariri.

Akasoma. Kalamu haikugusa karatasi.

"Tena."

Akasoma mara ya tatu, na alipofika mwisho akaona mkewe ameilaza kalamu mezani.

"Hii," akasema Mama Dawa. "Ijumaa utasomea hii."

Sauti alimshika mkono juu ya meza ile akaushikilia. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mchana.

Alhamisi Mama Dawa alimwandalia flashi yenye waraka mmoja mtupu, ameupanga mistari, nafasi na fonti, ili mchapaji wa chumba cha habari amwagie habari za siku humo humo. Akaujaribu pale nyumbani kutoka kwenye flashi: ukafunguka vizuri kabisa. Ungeachaje kufunguka vizuri, na fonti yenyewe imo kwenye mashine ile? Lakini hilo halikumpitia kichwani, hata yeye, msomaji wa lebo mara mbili.

Ijumaa Sauti alivaa suti, kana kwamba redio ina macho. Mchapaji akachomeka flashi, akamwaga habari, akachapa. Sauti akaipokea karatasi ya kwanza, akaisogeza usoni. Tatu zilikuwa zimefunga midomo. Zilikuwa herufi zile zile za zamani.

Akampigia mkewe. Kwa nyuma alisikia mteja anaulizia dawa ya minyoo.

"Mke wangu, herufi hazikuja."

"Zimekuja zipi?"

"Zile za nane bila."

Akasikia mkewe anavuta pumzi. "Kosa ni langu," akasema, bila kuzunguka. "Nimekupa maagizo nikaiacha dawa nyumbani. Waraka unataja jina la fonti tu, haubebi fonti. Mashine ya hapo hailijui jina hilo, kwa hiyo imechukua ya kwake. Mwambie fundi wa hapo aunganishe mtandao, nipite nyumbani nimtumie."

"Mtandao wa hapa umelala tangu asubuhi."

"Basi usiruhusu mtu aguse kitu. Nakuja."

"Na duka?"

"Msaidizi yupo. Kaa chini, kunywa maji, usiongee na mtu. Tunza koo."

Alikata simu. Sauti akakaa chini, akanywa maji, akaitazama saa ya ukutani ambayo hakuweza kuisoma, ikabidi amuulize mchapaji, kisha amuulize tena. Yule binti wa asubuhi alikuwa ameketi kwenye kona na wanja wake umenyooka, ameambiwa awe tayari. Alikuwa binti mwenye adabu, hakumtazama.

Mama Dawa aliingia na koti lake jeupe la dukani, anahema, yeye ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Alikuwa amepita nyumbani, amekwenda moja kwa moja kwenye folda ya Rafu, amechukua faili lenyewe. Akampa fundi mitambo flashi. Fundi, kijana mpole wa maneno machache, akalibofya faili, akaamuru liwekwe, na mashine ikadai nywila ya mkubwa. Mkubwa akaitwa. Mhariri Mkuu akaja, akamtazama Mama Dawa, akamtazama Sauti, akaiandika nywila bila swali.

"Imekubali," fundi akasema. "Lakini kwenye orodha haimo."

"Funga programu, ifungue tena," Mama Dawa akamwambia. "Ikiwa wazi haioni wageni."

Fundi akafunga, akafungua. Waraka ukajipanga upya mbele ya macho yao, mstari kwa mstari, tatu zikafunua midomo yao. Mchapaji akapiga kofi moja la furaha. Mama Dawa hakupiga. Alikuwa ameshaona kwamba herufi mpya ni pana, na kwamba habari ya tatu sasa inakatika katikati ya sentensi na kuvukia karatasi nyingine.

"Akigeuza hapo atapoteza mstari. Punguza ukingo wa kulia na wa kushoto. Bado. Kidogo tena. Hapo. Kila habari iishie kwenye karatasi yake."

Printa ikaanza kutema karatasi. Sauti alizipokea zikiwa bado na joto, akaingia studio, mlango mzito ukajifunga nyuma yake.

Taa nyekundu ikawaka.

Akausalimu mji. Kinyozi, huko aliko, bila shaka alizima mashine. Sauti akasoma habari ya kwanza, ya bajeti ya barabara, tarakimu zimerundikana, na kila moja ikamjia na uso wake. Akasoma ya pili. Akageuza karatasi kwenye nukta, polepole, na kipaza sauti hakikusikia kitu. Miaka miwili mitatu alikuwa anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, leo alitembea. Sauti yake ikapanuka. Mhariri Mkuu, upande wa pili wa kioo, alikuwa amekaa na kidole juu ya kitufe cha muziki, na kidole hakikuondoka pale hata kwenye habari ya hali ya hewa.

Yakaja ya michezo. Timu yao, kwa neema isiyojulikana ilikotoka, ilikuwa imeshinda ugenini. Sauti aliiona tarakimu inakuja mwisho wa mstari, kichwa bapa, mdomo wazi.

"Mabao matatu," akasema, "kwa moja."

Mhariri Mkuu akaondoa kidole kwenye kitufe, akakitazama kama kimemwuma.

Ikabaki ile sehemu ya mwisho ambapo msomaji huwataja waliofanya kazi. Sauti alimtaja mhariri, akamtaja mchapaji, akamtaja fundi mitambo. Karatasi ikaisha. Lakini hakufunga. Akaiweka chini, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya redio akasema jambo lisiloandikwa.

"Herufi nilizosomea taarifa hii zilitafutwa na kuwekwa na mke wangu. Macho yangu yamechoka, na ni yeye aliyeniwezesha kuwasomea leo. Nimewasomea kwa furaha miaka yote hii. Kwaherini."

Taa nyekundu ikazimika. Sauti akatazama kwenye kioo. Aliona vivuli vya watu, na kati yao koti jeupe, na juu ya koti, pale uso ulipopaswa kuwa, ukungu.

Sauti ya fundi ikamjia kwenye vipokea sauti, ya chini, kana kwamba bado wako hewani.

"Mzee. Mama analia."

Sauti akavivua, akasimama, akapapasa ukuta hadi mlangoni. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja kwenye lile koti jeupe, akasogea, akasogea tena, mpaka pale macho yake yanapofika, akamwona.